Nifulie Upanga Wangu

Nilimwahidi mama yangu kwamba mikono yangu haitautia makali upanga wa mtu yeyote. Nilimwahidi kwa simu, yeye akiwa kwetu Uvira nami nikiwa Joubert Park, Johannesburg, siku nilipomweleza kwamba chuo kimenifundisha kuhifadhi vyuma vya kale na kwamba nimeanza kupokea kazi nyumbani. Mama ameyaona yale ambayo panga zimefanya katika bonde letu. Akasema, "Mwanangu, utengeneze unachotaka, lakini usinoe." Nikaahidi. Haya ninayoyasimulia yalinipata kwa sababu ya ahadi hiyo, na yalinipata kweli. Sikuwa usingizini, sikuwa na homa, na pombe sinywi.

Karakana yangu ilikuwa roshani ya chumba nilichopanga, ghorofa ya saba, niliyoizungushia vioo. Humo nilihudumia panga fupi za kuwindia, zile ambazo mabwana wa Ulaya wa zamani walizivaa kiunoni wakienda porini na mbwa wao: bapa nyoofu, kikingio cha shaba cha kulinda vidole, mpini wa pembe. Niliipenda kazi ile, na bado naipenda. Je, umewahi kuona nakshi ya swala ikichomoza taratibu kutoka chini ya kutu? Ukiiona, utaelewa kwa nini nilikuwa nikiimba peke yangu.

Mwaka 2019, Bwana Mutua, Mkenya mwenye malori kule Midrand, aliniletea upanga mmoja alioununua mnadani.

"Fundi, nataka ung'ae kama kioo. Na unyoe ndevu."

Nikamweleza kwamba kung'arisha sawa, kunoa hapana.

"Upanga usionyoa ndevu ni wa nini, kijana? Nipakie nao siagi kwenye mkate?"

Tulicheka, lakini katika jambo moja hakutania. Karibu na kikingio palikuwa na doa la kahawia, pana kama kiganja cha mtoto. "Hilo doa nikilikuta Jumamosi jioni," alisema, "naupeleka kwa mwenye mashine ya kusagia vyuma. Atalikwangua, na makali atayatia papo hapo." Nilijua maana yake. Nakshi zingeliwa na mashine, na upanga ambao nilikuwa nimeushika kwa mikono hii ungetoka na makali.

Nikafanya kama chuo kilivyonifunza: mafuta, msasa laini kabisa, subira. Maji, kamwe, kwa kuwa maji ndiyo adui mkubwa wa chuma. Kila jioni doa lilitoweka. Kila asubuhi lilikuwa limerudi, mahali pale pale. Niamini, nililipiga picha, nikijidhania ninachanganyikiwa.

Jumamosi ikafika. Alasiri mbingu ya Johannesburg ikafunga kama inavyofunga wakati wa joto, ambao huko ndio msimu wa mvua, mvua ya mawe ikagonga vioo vyangu, na umeme ukakatika. Ndipo mlango ulipobishwa.

Alikuwa mzee mwenye koti zito la kaki, kofia mkononi. Nilimkaribisha ndani, kwa kuwa mzee hasimamishwi mlangoni wakati wa mvua. Alipita moja kwa moja hadi roshani, akaketi juu ya kopo la rangi, akautazama upanga kama mtu anavyomtazama mgonjwa wake hospitalini.

"Unifulie, mwanangu," akasema, kwa Kiswahili cha Katanga.

Kwa fundi wa vyuma, kufua ni kukitia chuma motoni na kukipiga nyundo. Mhunzi hufua jembe. Mhunzi hufua kisu. Nikadhani anataka upanga ufuliwe upya, uwe mkali.

"Samahani, mzee, sifui. Mimi nahifadhi tu."

"Unifulie upanga wangu. Nimetembea sana." Akainamisha kichwa. "Wa mwisho haikukuwa nyama."

Huko kwao nyama ni mnyama. Wa mwisho aliyekatwa kwa upanga ule, basi, hakuwa mnyama. Na mtu huyu anataka makali tena? Nikasimama kati yake na meza.

"Mzee, hata ukiwa baba yangu mzazi, sitakufulia. Mama yangu alinikataza."

Akanikazia macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akafuta machozi kwa kofia yake.

"Mama alikukataza kufula? Mama gani huyo? Sasa hilo shati lako, nani anakufuliaka?"

Ndipo nilipoelewa. Kufula, yaani kufua nguo! Neno la mama yangu mwenyewe, la beseni na sabuni na nguo za shule, lilikuwa limegeuka kichwani mwangu kuwa neno la nyundo. Mzee hakuwa akiomba makali. Alikuwa akiomba maji.

Nikaleta beseni na kipande cha sabuni ya kufulia. Nikautia upanga majini, kinyume cha yote niliyofundishwa. Maji yakawa kama chai ya rangi. Nikayamwaga, nikajaza mengine, nikamwaga tena, na kila mara mzee alitamka polepole jina moja la mtu, jina ambalo sitaliandika. Maji yalipotoka meupe, hakulitaja tena. Nikaukausha upanga kwa taulo, kisha kwa joto la kifua changu.

"Aksanti, mwanangu."

Akavaa kofia, akatoka, akapiga mluzi. Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi na, kando yake, kucha za mbwa zikigonga saruji. Katika jengo letu mbwa hawaruhusiwi.

Nilishuka mbio nikimulika kwa simu. Chini nikamkuta Désiré, mlinzi wetu, Mrundi.

"Mzee gani, kaka? Geti linalofunguka kwa alama za vidole limekufa tangu umeme uende. Hata mimi nimefungiwa humu! Eish, au ni zile dawa zako za kutu?"

Nikarudi juu. Doa halikuwepo. Mahali lilipokuwa palikuwa na mchoro mdogo wa mbwa aliyelala, ambao haukuchorwa na fundi. Ulikwaruzwa kwa msumari. Bwana Mutua alipofika jioni, umeme ukiwa umerudi, aliupitishia kidole gumba, wala hakutaja ndevu. "Tuuache hivi hivi," akasema. Upanga upo ukutani kwake Midrand, butu, na mpaka leo haujaota kutu.

Nilimpigia mama, nikamsimulia yote.

"Ulimsuuzia vizuri?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi ahadi yako ni nzima."

Tangu hapo kila upanga unaoingia nyumbani kwangu huanzia kwenye beseni, na walimu wangu wanisamehe. Alasiri nyingine za mvua ya mawe nasikia kucha kwenye ngazi. Siogopi, nafungua mlango na kuweka sabuni karibu. Lakini wewe usidhani kwamba chuma cha kale kimemaliza shughuli zake kwa sababu tu kimetundikwa ukutani. Kama kwenu kuna kisu au upanga ambao hujui ulikopita, nakuomba, usiunoe. Chukua maji na sabuni, uufue.