Filamu Zilizolowa

Mtaani walimwita Bwana Tabasamu, ingawa mwenyewe alikuwa mgumu wa kucheka. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa na studio ya picha kwenye barabara iteremkayo bandarini: chumba kimoja chenye pazia la buluu na stuli ya kuzunguka, na nyuma yake stoo iliyojaa makabati ya filamu. Mtaa mzima ulikuwa humo, kuanzia mabibi harusi hadi wazee waliokwisha kuzikwa. Simu za mkononi zilipomnyang'anya wateja, mkewe alimsihi ayatupe makabati yale apangishe stoo. Akakataa katakata.

Mwaka ule joto lilikuwa la kumtoa mtu pumzi. Jumanne mchana mbingu ikawa nyeusi tii upande wa bahari. Radi ikapiga mnara wa bandarini, vioo vikatetema. Kufumba na kufumbua, mvua ya mawe ikashuka, na upepo usiokuwa na mzaha. Bati la stoo likanyanyuka pembeni, likapigapiga, likaenda zake. Bwana Tabasamu alilikumbatia kabati la kwanza, akavuta, mgongo ukagoma. Akang'oa pazia afunike, upepo ukampokonya. Maji ya barabarani nayo yakaingia mlangoni, yakapanda hadi magotini. Akachomoa droo iliyokuwa karibu, akaiinua juu ya kichwa, akasimama hivyo hadi mikono ikafa ganzi. Mvua ilipopusa, akaishusha. Nayo ilikuwa imejaa maji.

Siku ya tatu watu wakaanza kuja. Albamu zao zilikuwa zimegeuka uji, wakakumbuka kwamba yeye hatupi kitu. Aliwarudisha mmoja mmoja mikono mitupu. Kisha akaja fundi cherehani wa jirani, mama aliyeangukiwa na ukuta wa nyumba. Yeye alitoka mzima. Bintiye wa pekee hakutoka.

"Kaka, nataka picha yake," alisema. "Zangu zote zimekwenda na maji. Simu tumemzika nayo, ilivunjikia mfukoni mwake. Wewe ulimpiga alipomaliza shule, na lile gauni nililomshonea."

Bwana Tabasamu aliijua droo. Filamu zilikuwa zimegandana zikawa tofali moja. Akaziloweka kwenye beseni la maji safi, akaanza kubandua kwa kucha, taratibu, mama wa watu amesimama pembeni hapumui. Ukanda wenyewe ukatokea: bega, kola ya gauni. Alipovuta kidogo tu, uso ukabanduka, ukamnatia kwenye kidole gumba kama utando wa maziwa.

"Dada, nisamehe."

Mama hakulia. Alivuta ile stuli, akaketi. "Basi nisimulie. Alikaaje siku ile?"

"Alikaa upande," akaanza. "Nywele alizisuka nyuma. Alikuwa na kidoti hapa shavuni, akawa anaona haya..."

"Hapana, kaka," mama alisema polepole. "Huyo si yeye."

Akajaribu tena, akasita. Sura zilimjia kwa mamia, zote za wasichana wa shule, na hakujua ipi ni ya nani. Mama akasimama, akamshukuru, akatoka akishikilia ukuta.

Kesho yake alikodi mkokoteni, akapeleka filamu zote jalalani. Mkewe alimsaidia kusukuma.