Niliuza mbuzi kuokoa mukau wa mzee wangu, sasa sijui adui ni nani

Wakuu wa humu, hamjambo. Mimi ni nyanya, kwa Kikamba susu, wa huku Kola. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona makosa mmeze na maji. Lakini uongo hapa hakuna. Nikiongeza hata jani moja, kuku wangu wasitage.

Nimechanganyikiwa. Nisaidieni.

Niko na mti mmoja wa mukau kwa shamba. Huo ni mti wa Ukambani ya chini, kule kwa joto. Mchwa akiuonja anaenda zake. Marehemu mzee wangu alileta mche kutoka kwa mjomba wake Makueni, akaupanda juu ya matuta. Alikuwa mtu wa nyuki, na mzinga wa mukau haumalizwi na mtu mmoja, unarithiwa.

Kabla hajafa aliniambia, "Usiache huu mti uishe bila mtoto."

Mwaka juzi radi iliupasua. Nusu imekauka, nusu bado inazaa. Na mtoto hakuna hata mmoja.

Nikatafuta adui, nikampata: mbuzi. Tunda likianguka tu, wako hapo. Nikawauza wote, hata yule wa maziwa. Boma lao nikalima, nikapanda maharagwe, maana mbolea ilikuwa imejaa.

Halafu nikachukua mbegu, nikapanda kule chini kwa mto. Mahali pazuri! Maji asubuhi, maji jioni, kama mtoto wa kwanza. Wapi. Nikifukua, zingine zimeoza, zingine ngumu kama jiwe vile nilizizika.

Wifi yangu Kalunde akasimama kwa ua akanicheka. "Wewe umezaa saba, mti mmoja umekushinda?"

Nikamwambia, "Wewe ulizaa wawili, nyamaza." Lakini iliniuma.

Sasa April akaja mjukuu wangu Mumbua. Huyo ndiye wa kwanza kwa ukoo wetu kufika university, na nitasema mpaka mchoke. Alikuwa na practical. Alikuja na mraba wa mbao, anaulaza chini, anahesabu kila mmea ulio ndani, anaandika. Chini ya mti, kwa mto, kwa matuta, kwa maharagwe.

Kalunde: "Kumbe mmepeleka mtoto chuo akahesabu nyasi."

Kwa maharagwe Mumbua akapiga magoti.

"Susu, hii miche midogo unang'oa ni nini?"

"Mwarobaini. Inajiotea humu kila mvua, inanisumbua."

Akaangalia jani, akaenda mpaka kwa mti, akarudi na jani lingine, akayaweka pamoja.

"Susu, hii si mwarobaini. Hii ni mukau."

Wakuu! Misimu mitatu nimekata hao watoto na jembe, kwa mkono wangu mwenyewe!

Akanieleza. Kokwa ya mukau ni ngumu, haifunguki hovyo. Mbuzi anakula tunda, kokwa anaitema bomani. Inakanyagwa, inapikwa na joto la ile mbolea kavu, mvua ikija inapasuka. Kule kwa mto ni baridi na maji ni mengi, mukau hapataki.

"Mmea haukai mahali unataka, Susu. Unakaa mahali joto, mvua, udongo na wanyama wamekubali."

Nikamuuliza, "Kwani ni ntheo, mpaka mbuzi watatu wafike ndio bibi aolewe?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Tukatafuta boma lote. Tukapata mmoja tu! Ulikuwa kwa kona, chini ya rundo la miiba iliyokuwa mlango wa boma. Unanifika gotini. Jembe langu halikufika hapo.

Nikasema basi, narudisha mbuzi. Mumbua akasema pole pole, "Lakini Susu, huu umepona kwa sababu ya miiba. Mbuzi angeuona angeula."

Sasa hapo ndipo nimekwama. Anayepanda ndiye anayekula? Huyu mbuzi ni mkunga ama ni fisi?

Jana Kalunde amekuja akivuta mbuzi jike kwa kamba. Hakunitazama usoni. "Shika. Huo mti ni wa kaka yangu pia. Huyu ni mbuzi wa kwanza wa ntheo yake, wawili wanabaki."

Nimemfunga chini ya mukau anakula matunda. Mtoto yuko hatua kumi, nimemzungushia miiba mara mbili. Mbuzi anaangalia mtoto. Mimi naangalia mbuzi. Naandika hii nikiwa na fimbo kwa magoti.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujafukuza mtu bomani, uliza kwanza kazi yake ilikuwa gani. Mengine bado sijaelewa.

Nyinyi mliosoma, na nyinyi wa mbuzi: kamba niiache urefu gani?