Mulima ya mu Kaye ya Mama Micheline

Mi nauzaka mikate ya mafuta pa njia ya kuingia Kasulo. Pembeni yangu, myaka kumi na mbili sasa, Mama Micheline anauzaka bitu ya kinga, njo baiskeli: mipira, nyororo, freni, pedali. Bwana yake alikufa, akamuachia meza na sanduku moja ya mafunguo ya kukazia kinga. Bantu balisema mwanamuke hataweza ile kazi ya kuchafuka na grasi. Balisema! Leo kijana akimuletea gurudumu, anaizungusha mara moja, anaiangalia, anamuambia: «Weye ulianguka pa mutoni, upande ya kushoto.» Na ni kweli.

Ile njia ya mulima ya Kyankumba aliijua vile, kwa kuangalia bitu yenye ilivunja. Motokari haipitake kule tangu daraja ilianguka. Ni paka benye kusukuma kinga tu njo banapitaka, na mihogo, na mafuta ya ngazi, ile ya mawese, na samaki ya kukauka. Reyo, ile bichuma bidogo ya mu gurudumu, ikikatika mingi, ni mawe ya pa mutoni. Furshe, ile chuma yenye inashika gurudumu ya mbele, ikipinda, ni kona ya tatu, pale maji ya mvua ilikula njia. Freni ikiisha yote, ni kutelemuka kule ng'ambo. Yote alikuwa anaandika mu kaye, daftari ya masomo, na biki ya bleu, mwaka kwa mwaka. Yeye mwenyewe hakupitaka pale hata siku moja.

Sasa, ng'ambo ya mulima, mu kijiji ya Mulonde, njo kunakaa mama yake muzazi, Mama Ngoyi. Kila siku ya Mungu banaongeaka mu telefone. Mwaka jana, mu mwezi ya tano, muzee akamuambia kama macho yake inaanza kuisha, na kila mwezi inapunguka.

«Kuja, Micheline. Sauti yako niko nayo. Nataka nione sura yako mbele ya macho kuisha.»

«Nakuja, mama. Lakini ile njia ni mubaya.»

«Bantu banapitaka.»

«Mama, weye haujue ile njia. Mi njo naijua.»

Mutu mwingine angetoka kesho yake. Micheline alifungua kaye. Akajitengenezea kinga ya nguvu, reyo ya manene, portbagaji ya chuma ya kubebea mizigo. Akatia pembeni mipira sita, nyororo mbili, pompi mbili. Kila kijana mwenye alileta kitu ya kuvunjika, Micheline anaandika, na anaongeza kitu ingine mu mufuko. Nikamuuliza: «Unaenda kuona mama yako ao unaenda kufungua magazini ya kuuzia kule?» Akanikemea nichunge mikate yangu.

Mu mwezi ya nane alikuwa tayari. Tuliisha kuagana hata. Ile siku njo kijana moja akaleta kadre, ile chuma kubwa yenye inashika kinga yote, ya kukatika katikati. Micheline akaishika na mikono mbili.

«Na kadre ya kuongeza, nitaibeba namna gani?»

«Ubebe kinga ingine mu mugongo!» nikamuambia.

Hakucheka. Akasema atangojea kidogo, na kile kidogo mvua ikaingia, na mu mvua hakuna kusema safari. Na mi, niseme ukweli, nilifurahi. Bila yeye ile nafasi ni baridi. Hii furaha inaniumiza mpaka leo.

Mvua ilikuwa karibu kuisha, bibi moja kijana akafika, mutoto mu mugongo, anasukuma kinga ya zamani yenye rangi ilibambuka. Jina yake Jémima. Anataka kengele.

«Paka kengele?»

«Paka kengele, mama. Ile yangu batoto baliiharibu.»

«Unatoka wapi?»

«Mulonde.»

Micheline akaweka funguo chini. «Ulipita Kyankumba na hii mvua? Nini ilivunjika?»

«Hakuna kitu. Pa mubaya nashuka, nasukuma. Napitaka kila miezi mbili.»

«Weye peke yako?»

«Eh, mama! Siku ya soko tunakuwaka hata bantu makumi ine.»

«Mbona mi sibaonake?»

Jémima akacheka, bila ubaya. «Utatuonea wapi? Kinga ikiwa muzima, tunakuja kwako kufanya nini?»

Akalipa kengele, akailiza mara mbili juu mutoto afurahi, akaenda.

Micheline akakaa juu ya sanduku. Akafungua kaye, akageuza karatasi kwa karatasi, toka mwanzo mpaka mwisho. Mikate yangu ilikuwa inaungua, sikuitoa.

«Agnès,» akaniita, «humu ndani niliandika paka benye kuanguka. Mwenye kufika, sikuandika hata moja.»

Kesho asubuhi akatoka. Alibeba pompi moja, mipira mbili na mikate yangu. Mufuko ya bitu mingine aliiacha chini ya meza.

Akarudia kisha wiki tatu, na akanieleza. Kufika chini ya mulima ni siku tatu. Kupanda Kyankumba, asubuhi moja tu. Ile kona ya tatu aliitafuta mpaka akauliza. Balimuambia aliisha kuipita. Reyo moja tu njo ilikatika. Kule juu akakaa pa jiwe, akalia na hasira, bamama benye alipanda nabo banafikiri ni miguu inamuuma.

Mama Ngoyi alikuwa pa mulango.

«Mama, ni mi.»

Muzee akageuza kichwa kufwata sauti. «Simama pale pa jua. Songa kidogo. Eh! Naona kivuli. Umenenepa!»

Bakacheka bote mbili, bakashikana. Kisha muzee akasema, polepole, kama mutu mwenye kueleza habari ya mashamba: «Mwaka jana, mbele ya mvua, nilikuwa ningali naona hata kuku ya jirani. Mu telefone nilishindwa kukuambia kama inaisha yote. Niliona utakimbia, utaumia mu njia.»

Micheline alinieleza ile akiwa anakaza reyo ya mutu, kichwa chini. Nikatafuta neno ya kumutuliza moyo.

«Lakini ulifika, mama. Alisikia sauti yako pale pale karibu.»

Akazungusha gurudumu, akaiangalia mpaka ikasimama.

«Sauti alikuwa nayo,» akasema.