Nyumba ya Wapangaji Saba

Mdogo wangu ni fundi miwani. Kutwa anakata lenzi na kusaga kingo zake mpaka ziingie kwenye fremu bila kulazimishwa. Lakini muulize kazi yake, atakwambia anatengeneza mchezo wa kompyuta. Mimi kaka yake, fundi bomba, nilikuwa nacheka. Sikuwa na adabu.

Mchezo wenyewe si wa kupigana wala kukimbizana. Unaona chumba kilichochorwa, unabonyeza kitu, halafu unachagua neno: Tazama, Chukua au Tumia. Ipo programu maalumu ya kutengenezea michezo ya namna hiyo; inakupa kiunzi, na wewe unachora vyumba na kuandika kila kitu kitajibu nini kikibonyezwa. Yeye alichora nyumba ya kupanga yenye wapangaji saba na barua iliyopotea humo ndani. Miaka mitatu ya Jumapili na saa za chakula cha mchana iliishia hapo.

Tatizo, hakuna aliyewahi kuumaliza. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Sisi wa kwao tulimkimbia. Mimi nilikuwa wa nne kuujaribu. Niliokota funguo, mishumaa na kisu, nikachoka, nikasingizia kuna bomba la mteja linavuja. Wa kumi naye alipochomoka, mdogo wangu akaapa kwamba wa kumi na moja asipofika mwisho, ataufuta wote. Huyo akisema amesema. Niliogopa, maana sijawahi kumwona akipenda kitu kiasi kile.

Wa kumi na moja akawa shangazi yetu, mstaafu. Miaka thelathini alitunza stoo ya hospitali, na hata bunda la pamba halikutoka mle bila kuombwa. Jumapili moja mdogo wangu akamketisha mezani, akampa kipanya. Mimi nikakaa nyuma yao.

Dakika arobaini zikapita, shangazi bado yuko chumba cha kwanza, cha mama mshonaji.

"Fungua droo, Shangazi. Ufunguo umo," mdogo wangu akasema.

"Droo ya nani?"

"Ya huyo mama hapo."

"Mwenyewe kakaa ananiangalia, halafu mimi nipekue droo yake? Mwanangu, mimi si kibaka. Neno la kuomba liko wapi?"

"Halipo. Mchezo ndivyo ulivyo."

"Basi mchezo wako hauna adabu," shangazi akasema, akatafuta viatu vyake.

Mdogo wangu alinuna hata chai hakunywa. Kesho yake mchana nikampitia dukani nimbembeleze asifute. Nikamkuta anaandika mbio mbio. Alikuwa ameongeza neno la nne, Omba. Kuliongeza kwenye programu ni dakika mbili tu. Shughuli ni kwamba sasa kila kitu kina mwenyewe, na kila mwenyewe lazima ajibu.

"Kaka, niliwakalisha kama makabati," akaniambia. "Watu saba wazima, na sikumpa hata mmoja neno la kusema!"

Aliandika miezi miwili. Mama mshonaji sasa anatoa ufunguo, ila kwanza umtungie uzi kwenye sindano. Mzee wa chumba cha tatu hatoi kitu mpaka umsikilize malalamiko yake yote kuhusu choo.

Shangazi akarudi, Jumapili tatu mfululizo. Aliomba, akanyimwa, akabembeleza, akagombana na yule mzee kwa sauti kubwa kana kwamba anamsikia. Jumapili ya tatu barua ikapatikana. Ukabaki mlango wa mbele, uko wazi. Aubonyeze tu atoke.

Hakuubonyeza.

"Bonyeza, Shangazi," mdogo wangu akasema. "Ndio mwisho."

"Nikitoka, ndiyo nimewaacha wote?"

"Ndiyo."

"Hebu subiri kwanza." Shangazi akaurudisha mshale wa kipanya ndani, mpaka kwa mama mshonaji. "Sijawaaga."

Mdogo wangu akajifunika uso kwa viganja, akalia kwa furaha, na mimi nikaenda kumtafutia leso.