Siku Yoyote Ndiyo Siku Gani

Ndugu zangu wa Otara hawaachi kupiga simu. Wamechoka na Auckland, wanataka kuvuka bahari wahamie huku Queensland, na swali lao ni lile lile: "Vili, Ipswich kukoje?" Nawaambia nyumba ni kubwa, jua ni kali, kazi zipo. Barabara ni pana na hazina mtu. Wakinibana zaidi nawasimulia habari za Mama Mkubwa Telesia, maana sina jibu lingine.

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu. Otara alikaa miaka mingi kwenye nyumba ya kupanga, ndogo, kuta zina ukungu, na watu hawakauki mlangoni. Huyu anaomba sukari, yule analeta taro, yaani magimbi, mwingine kagombana na mkewe anatafuta pa kulala. Alilalamika kila siku. "Hii nyumba au stendi ya basi?" Huku anasema, huku anabandika maji ya chai.

Mumewe, Baba Mkubwa Lafaele, akapata kazi huku kwenye kiwanda cha nyama, na mkopo wa nyumba ukakubaliwa. Akasimama kanisani Otara akatangaza: tunakwenda kwenye nyumba yetu wenyewe. Watu wakalia, wakapiga makofi. Na kwetu Wasamoa, ukishatangaza hivyo mbele ya kanisa, huwezi kurudi hivi hivi tu.

Mimi ndiye niliyewapokea, kwa kuwa nilitangulia, nafanya vibarua vya ujenzi. Mtaa ulikuwa mpya na nyumba zimefanana mpaka Baba Mkubwa alihangaika na ufunguo wake kwenye mlango wa mtu mwingine. Mama Mkubwa akapita chumba kimoja kimoja, akarudi sebuleni akauliza, "Watu wako wapi?"

"Watakuja," Baba Mkubwa akasema.

Hawakuja. Mtaani pale jioni gari linafika, mlango wa gereji unapanda wenyewe, gari linaingia, mlango unashuka. Basi. Unaishi ng'ambo ya barabara na mtu na hujui hata kama ana miguu. Kanisa letu lipo, lakini ni la mbali, la gari, na Mama Mkubwa haendeshi. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi alikuwa yeye na friji inayounguruma. Akaanza kupika kidogo. Akaacha kuimba akipika. Nikipita mchana namkuta kakaa kitandani na viatu mguuni, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Siku moja akamwambia mumewe, mimi nipo:

"Lafaele, sikiliza. Nikipata nyumba moja hapa, moja tu, ya kuingia nikakaa nikanywa chai, nabaki. Nisipopata, Krismasi naila Otara, na sirudi."

"Mimi je?"

"Wewe una nyumba yako."

Tangu hapo Baba Mkubwa alianza kukaa nje ya gereji jioni, anawinda majirani kama anawinda kuku. Ndivyo alivyompata Brett, wa nyumba ya mbele, anakata majani. Wakaongea raga, wakaongea joto. Brett akamwambia, "Basi piteni kwetu, wewe na mama. Siku yoyote."

Baba Mkubwa alivuka barabara mbio, mtu mzima yule, goti bovu na yote.

"Telesia! Tumealikwa!"

"Lini?"

"Siku yoyote."

"Siku yoyote ndiyo siku gani?"

"Si yoyote! Jumapili. Tukitoka kanisani."

Nikamwambia, "Baba Mkubwa, watu wa huku hilo ni neno tu. Ni kama kusema tutaonana."

Akanigeukia. "Wewe shule uliikimbia, leo unanifundisha maana ya karibu?"

"Nasema tu."

"Sema ukiwa na nyumba."

Mama Mkubwa alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu wahamie, kwa hiyo nikanyamaza.

Huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Kwetu kuna oso, chakula unachombebea mwenyeji, na oso ndogo ni aibu kuliko kutokwenda. Jumapili alfajiri Baba Mkubwa akawasha moto wa mawe ya kupikia nyuma ya nyumba. Moshi ukaruka uzio, jirani wa nyuma akaanua nguo zake. Wakapika palusami, yale majani ya taro na tui la nazi, na nyama ya nguruwe. Mama Mkubwa akaoka keki. Juu yake wakaongeza mkebe wa nyama, ule mkubwa wa harusi. Kanisani Mama Mkubwa alikaa na macho mlangoni, ibada nzima.

Tuliporudi hatukuingia hata ndani. Tukashusha vyakula kwenye gari, tukavuka barabara kama tulivyo. Mama Mkubwa gauni jeupe mpaka chini, kofia nyeupe. Baba Mkubwa koti jeupe, sketi nyeupe ya wanaume, Biblia kwapani. Mimi nyuma na sinia.

Baba Mkubwa akagonga. Ndani runinga inapiga kelele za mpira. Mlango ukafunguka, Brett yuko kifua wazi, simu sikioni, anatuangalia kupitia wavu wa mbu. Baba Mkubwa akafungua kinywa aanze salamu, ile ndefu, aliyoifanyia mazoezi.

"Hapana, asanteni," Brett akasema. "Leo hapana. Sisi sio watu wa dini."

Akafunga. Tukasikia sauti ya mwanamke, "Nani?" Na yeye, "Wale wahubiri wa nyumba kwa nyumba. Safari hii wameleta na chakula."

Tulisimama. Mchuzi wa palusami ulikuwa unanichuruzika mkononi, wa moto, na sikuthubutu kuhama.

"Hajanijua," Baba Mkubwa akanong'ona. "Ananijua na kaptula. Ngoja nivue koti, nigonge tena."

"Usivue."

"Telesia, ni kosa tu. Akiniona atacheka."

"Ukivua nguo mlangoni kwa mtu ili akujue, mimi simo."

Akarekebisha kofia, akageuka. Alivuka ile barabara polepole, mgongo umenyooka, kama barabara nzima inamwangalia. Hakukuwa na mtu hata mmoja.

Brett sio mtu mbaya. Kesho yake aliambiwa na mkewe nguo nyeupe zile ni za nani, akaja na bia, uso umemwiva kwa aibu. "Kaka, nisamehe, nilidhani ni wale wa vitabu!" Baba Mkubwa akacheka kwa nguvu, akampiga begani. Mama Mkubwa akamletea kiti, akampa sahani ya palusami ya jana, akampepea nzi mpaka akamaliza. Akaomba tena, akapewa tena. Alipoondoka alisema, "Haya, tutaonana."

"Unaona?" Baba Mkubwa akasema. "Mtu mzuri."

"Mzuri sana."

"Basi utabaki."

"Nilisema nyumba ya kuingia mimi, Lafaele. Sikusema mtu wa kuingia kwangu."

"Atatuita tena."

"Kaja hapa, kala, kaondoka. Kasema nije lini?"

Baba Mkubwa akaangalia chini. Nilidhani atasema turudi wote. Nilikuwa namwona analitafuta lile neno, liko karibu kabisa. Halikutoka. Machoni pake kanisa zima la Otara lilikuwa limesimama pale gerejini linampigia makofi.

Mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege. Baba Mkubwa alikuja, akabaki ndani ya gari, anasema goti. Mama Mkubwa akainama dirishani akamfunga kifungo cha shati. Mlangoni akaniambia, "Mwangalie asile mikate tu." Otara, kwenye ile nyumba ya kupanga waliyowaachia watoto wao, alikuta wajukuu wamemchukulia chumba, sasa analala sebuleni, na mama yangu anasema kanenepa.

Baba Mkubwa alikuwa mzee wa kanisa tangu mimi sijazaliwa. Jumapili hakuwahi kushika hata nyundo. Juzi nimempigia niende kumchukua twende ibadani, nikasikia mashine.

"Uko wapi?"

"Kazini. Nimeomba zamu ya Jumapili."

"Jumapili, Baba Mkubwa?"

Mashine ikapiga, ikapiga.

"Hapa kuna watu," akasema, akakata.