Bibi na Ugomvi wa Kuimba

Usiku ule nililala nimenuna, binti yangu kifuani. Tangu azaliwe alikuwa analia hanyamazi, na kwao mume wangu wakasema analilia jina. Mama mkwe alitaka aitwe Sikudhani, jina la marehemu mama yake. Mimi nikasema ataitwa Mwanaidi, jina la marehemu bibi yangu aliyenilea, na atakayekereka ahame nyumba. Tukaishia hapo, kila mtu akabamiza mlango wake.

Mara, usingizini, naiona sebule ya bibi, haina rangi. Kila kitu cheusi na cheupe, kama kile kipindi cha zamani cha Kimarekani alichokipenda kwenye televisheni, mume na mke wanagombana, muziki unaanza, wanaimbiana. Bibi hakujua Kiingereza. Aliamini ndiyo desturi ya huko, wanandoa hawaruhusiwi kugombana kwa maneno makavu. Akaileta kwake. Babu akifoka, bibi anamwimbia, na babu asipojibu kwa wimbo hapakuliwi chakula.

Sasa bibi amesimama pale na kanga yake ya kijivu, kijana kuliko siku tuliyomzika. Nyuma ya ukuta watu nisiowaona wanacheka, kama kwenye kipindi kile.

"Bibi, huyu mama mkwe wangu..."

"Imba, mke mwenzangu."

"Siimbi. Nina hasira."

"Ndiyo uimbe."

Basi naimba. Naimba kwamba mama mkwe ana kichwa kigumu kama kinu, kwamba mume wangu kakaa katikati kama gunia la mkaa. Kinanda kinanifuata. Bibi anapiga makofi, kiuno kinamzunguka, ukuta unacheka. Nafika penye jina lake, Mwanaidi, sauti inakatika. Pale hapana hasira tena. Nimemkumbuka tu.

Ananifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Unanitaka mimi, hutaki jina," anasema. "Na mimi nimekufa nipumzike. Niitwe kila akikojoa? Wape jina lao."

"Na wewe je?"

"Mimi nilikulea wewe. Inanitosha."

Nikaamka, kifua kimelowa maziwa, mtoto analia. Kumekucha. Jikoni nikamkuta mama mkwe anakoroga uji, hata kunitazama hataki. Nikasimama mlangoni nikijiambia bado naweza kurudi chumbani.

"Mama," nikasema, "hebu mshike Sikudhani, nikaoge."

Akampokea kwa mikono miwili, na uji akauacha ukaungua.