Siku Bibi Aliposema Hanijui

Bibi yangu mzaa mama ni mke wangu. Kwetu hilo halihitaji maelezo: mjukuu wa kiume ni mume, na mume huyo anatukanwa kuliko mbwa aliyekula kifaranga cha jirani. Nikifika Kiegei kutoka Ruangwa ninakosoma, ananipokea hivi: "Mikono mitupu tena? Naolewa na mwingine, mwenye mikorosho."

"Nani akuoe wewe? Meno mawili, na yenyewe hayaelewani!"

Anacheka mpaka anashika mbavu. Mdomo huu ninaochapiwa shuleni, yeye ndiye aliyeunoa.

Msimu wa korosho uliopita nilimkuta uani anabangua pamoja na mama mdogo, anayeishi naye. Nikamwamkia. Aliniangalia kwa muda, kisha akauliza, "Wewe mtoto wa nani?"

Nikaona leo kaniwahi. "Mtoto wa nani? Mimi mumeo! Au umeshapata bwana?"

Mama mdogo akacheka hadi korosho zikamwagika. Bibi naye akacheka, ila alichelewa kidogo, kama anayecheka kwa sababu wenzake wamecheka. Niliona. Niliona, nikaendelea kula korosho.

Safari iliyofuata aliuliza tena swali lilelile. Safari hiyo nikalifanya tamasha kabisa. Nikaita majirani: "Njooni jamani, mke wangu ananikana mchana kweupe!"

"Mwondoeni huyu," bibi akasema. "Simjui."

Watu wakapiga makofi. Bibi akaingia ndani, akafunga mlango. "Kanuna kama mwali," nikasema, wakacheka tena. Hakuna aliyemfuata. Mtu mzima akimkana mjukuu wake kwetu huo ni utani, tena utani mzuri.

Baada ya likizo tukaletewa mwalimu wa mazoezi, kijana kutoka chuo cha ualimu, kichwa kimejaa habari za namna akili inavyofanya kazi. Siku moja alianza kipindi kwa kupiga soga za mpira, tukapagawa, maana huku mpira ni chakula. Kisha akachora mistari mitatu ubaoni: miwili imesimama, mmoja umelala juu yake.

"Hii nini?"

"Goli!" Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote.

Akatuambia mkondo wa pili walisema mlango. Wao aliwapigia soga za kujenga nyumba. Jicho linaleta mistari tu, akasema, akili ndiyo inayomalizia picha, na inamalizia kwa kile ilichokuwa inakitegemea. Sikio nalo ni hivyohivyo.

Kwa kawaida muda huo mimi huwa naigiza mwendo wa mwalimu akigeukia ubao. Siku hiyo nilikaa kimya mpaka jirani yangu wa dawati akanisukuma. "Vipi wewe, kuna msiba?"

Nilikuwa nahesabu. Mara mbili ameniuliza mimi ni mtoto wa nani. Mara mbili nimesikia utani, kwa sababu nilikwenda pale nikitegemea utani.

Kengele ilipolia nikamfuata mwalimu. "Mtu anaweza kumsahau mjukuu wake mwenyewe?"

Alisubiri nimalizie kichekesho. Alipoona sina, akaniambia inawezekana. Mara nyingi mambo ya jana ndiyo hutangulia kupotea, ya zamani sana yakabaki. Akasema si uchawi wala si ukaidi, na apelekwe hospitali.

Nikampigia mama mdogo. "Bibi anaumwa kusahau," nikamwambia. "Siyo utani."

Akacheka. "Mwanangu, wewe utakuja kuniua!" Akakata.

Nilipiga mara tatu. Mara ya tatu nililia, ndipo akaamini, akanieleza kwamba siku hizi bibi anatia chumvi mara mbili na anamwita marehemu dada yake aje kula. Naye alidhani ni vituko vya uzee.

Daktari wa hospitali ya Nachingwea alisema tatizo lina siku nyingi. Dawa ya kurudisha kilichopotea hakuna. Tungemleta mapema, tungejua mapema namna ya kukaa naye: kumwambia taratibu wewe ni nani, kutomjazia watu, kutombishia. Mimi nilikuwa nimemjazia kijiji kizima.

Juzi nilikwenda tena. Nilimkuta kwenye mkeka, mbele yake kuna kigoda kitupu. Nikakikalia.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Mtoto wa binti yako mkubwa, bibi."

"Ahaa." Akanitazama kwa adabu ile ya kumtazama mgeni. "Karibu."

"Asante. Unaendeleaje?"

"Namsubiri mume wangu. Anasoma Ruangwa. Ana mdomo huyo! Akija hapa sipumui kwa kucheka."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na lingekuwa zuri. Nikalimeza. "Atakuja lini?"

"Leo. Ananichelewesha tu, mshenzi yule." Akatazama njiani, kisha akanigusa goti, polepole, asije akaniudhi. "Samahani mwanangu. Hicho kigoda nimemwekea yeye."

"Nisamehe, bibi," nikasema. Nikanyanyuka, nikakifuta vumbi kwa mkono, nikakiacha pale mbele yake, nikaenda kukaa chini.